Katibu wa Mama Mizani

...na sitini na moja ilikuwa sitini na moja tangu lini, hilo hasa ndilo Mama Mizani hakuweza kulisema kwa yakini, maana alipoitazama saa ya ukutani mara ya kwanza ilikuwa saa moja na dakika thelathini na kitu, na hicho kitu ndicho kilichomponyoka, sasa mshale mrefu umekaa juu ya nane, dakika arobaini kamili, na kidole gumba cha mkono wake wa kulia kimeshaingia ganzi juu ya kile kimashine cha kiganjani ambacho idara nzima ya dawa inakiita Katibu, kwa kumtania, kwa sababu hapigi hatua bila kukiuliza, kizee cha miaka kumi na minane, kioo cha kijivu, kikalamu cha plastiki kilichotafunwa ncha, na juu ya kioo mstari mweusi uliojaa zaidi kidogo ya nusu, na namba ile ya asilimia, na maneno ya kigeni yanayomwomba angoje, kana kwamba anafanya kitu kingine... usiachie, alisema fundi wa simu, yule wa chini ya ngazi mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni, ukishaanza, mama, usiachie, betri yake haina nguvu ya kubeba kazi hii peke yake, kinaishi kwa umeme wa kitako chake, hiki kikalio cha kuchajia, na pini za kitako zimelegea, kwa hiyo unakikandamiza hivi, kwa gumba, mpaka mstari ujae, ukiachia umeme unakatika, na hiki si kama simu za siku hizi, hiki kikizimika katikati kinasahau kila ulichowahi kukiambia, kinaamka kama kichanga, hata jina lako hakijui, na fundi akacheka, na yeye akacheka pamoja naye, angefanyaje, mtu asiyecheka pale angeulizwa una nini.

Karatasi ya fundi ipo hapa, imeegemea kopo la pamba, hatua tisa kwa mwandiko wa kuku, na hatua ya saba ndiyo hii, kandamiza mpaka mstari ujae, ukikwama zaidi ya dakika tano rudi hatua ya tano... dakika tano kuanzia lini, mshauri gani huyu asiyesema kuanzia lini, na hatua ya tano yenyewe inasema chomeka sindano kwenye kitundu cha nyuma uhesabu mpaka kumi, na kitundu cha nyuma kipo nyuma, na nyuma imekalia kitako, na kitako kimekandamizwa na gumba, kwa hiyo huwezi kurudi hatua ya tano bila kuachia, na umeambiwa usiachie, basi amemfunga kama mbuzi kwenye kigingi, kamba fupi, majani yako kule. Hiyo ingevumilika. Kisichovumilika ni hatua ya kwanza, pale juu kabisa, kabla ya yote hifadhi nakala ya kila kitu kwenye kadi, na mbele yake tiki ya penseli, moja. Moja. Katika chumba hiki tiki moja si kitu, mwenyewe ndiye aliyeitunga sheria hiyo miaka ishirini na sita iliyopita, mmoja anasoma kwa sauti anatia tiki, mwenzake anarudia na kuona kwa macho yake anatia ya pili, na mpaka ziwe mbili hata panadoli haitoki dirishani, wanafunzi wangapi amewachapa kwa maneno, tiki moja maana yake umesoma tu, hujafanya, kusoma hata kasuku angesoma... na leo asubuhi amekaa peke yake na karatasi ya fundi, na mkono wake, kwa mazoea ya miaka yote hiyo, umetia tiki kila alipomaliza kusoma mstari, na hakukuwa na mtu wa kutia ya pili, kwa hiyo karatasi nzima ina tiki moja moja, na sasa hajui alizisoma hatua hizo au alizifanya. Kadi iko wapi, kadi iko ndani ya Katibu, ubavuni, ameiona ncha yake, lakini kuwa ndani si kuwa na kitu, hata mtu anaweza kuwa ndani ya kanisa amelala.

Tulia. Mama Mizani anajiambia tulia, kwa sauti ileile aliyokuwa akiwatulizia wauguzi wapya, tulia uhesabu kuanzia mwanzo, nini kilitangulia. Kengele ndizo zilizotangulia. Kwanza kengele za Katibu zilianza kulia ovyo, ya saa tano ikilia saa tisa, ya Jumatatu ikilia Jumamosi akiwa bafuni na povu kichwani, na fundi akasema kalenda yake imechoka kuhesabu, waliokitengeneza walishakisahau, lakini wapo watu duniani wanaovipenda vizee hivi, wametoa programu mpya ya kukinyoosha, nitakutilia kwenye kadi, utaisasisha mwenyewe nyumbani kwa nafasi, na yeye akasema sawa, kwa mdomo mkavu, kwa sababu fundi hakujua, hakuna ajuaye, kwamba kengele ile ya saa kumi jioni si kengele ya kumeza vitamini kama anavyowaambia watu, ni kengele inayomwambia nakili. Nakili kazi za leo kwenye daftari kubwa. Ndivyo anavyofanya kazi siku hizi, tangu mwaka juzi, kila akifanya jambo analiandika papo hapo kwa Katibu, umempa mzee wa kisukari, umefunga friji, umeshakunywa chai, usinywe tena, Chiriku, mwenzako wa dirishani, mumewe ni dereva wa lori, usimwulize hali ya mama yake, alifariki mwezi wa tatu na ulikwenda mazishini... na jioni kengele inalia, anafungua Katibu, ananakili yanayohusu dawa kwa mwandiko mzuri daftarini, na wakaguzi wakija wanasema daftari la mama huyu ni la kuwekwa kwenye kabati la vioo. Jana kengele haikulia. Akaenda nyumbani mikono mitupu, mtulivu kabisa, akalala usingizi wa mtoto, akaamka na wazo moja tu, kwamba kengele zimeharibika na leo lazima zitengenezwe kabla dirisha halijafunguliwa saa mbili, akawahi kabla ya wafagizi, akafunga mlango kwa ndani, akaacha ufunguo kwenye tundu ili asije mtu akafungua kwa nje, akaanza, hatua ya kwanza, tiki, ya pili, tiki... akasasisha mashine ili ikumbuke kumkumbusha kunakili, kabla hajanakili. Kama angesimuliwa habari hiyo ya mtu mwingine angecheka mpaka ashike mbavu.

Na bado hakuwa amegundua, mstari ulikuwa umeshapita thelathini ndipo pua ilipomwasha, akaingiza mkono wa kushoto kwenye mfuko wa koti jeupe kutafuta leso, akatoa pakiti ya vidonge, ile ya bati laini, safu mbili za vitano vitano, akaigeuza, vishimo sita vitupu. Sita. Moyo ukampasuka paa kabla hata akili haijajua kwa nini, moyo nao una daftari lake. Vidonge vya moyo, vya watu wazima. Vilivyotakiwa ni vitatu. Jana, saa saba na kitu, yule mama wa kiwanda cha sabuni, alikuja na aproni yake ya mpira, hakuvua hata kofia ya nywele, kwa sababu alipewa nusu saa tu na msimamizi, mtoto mgongoni, kilo saba, daktari ameandika dawa ambayo haiji ya maji, lazima vidonge vitatu visagwe kwenye kinu, vichanganywe na maji mazito ya sukari mpaka alama ya sitini chupani, aanze kesho asubuhi saa mbili, kijiko kidogo nusu, na Chiriku alikuwa ameenda bohari kupokea makatoni, na yule mama anatazama saa, anatazama saa, samahani dada yangu nitafukuzwa, basi Mama Mizani akasema ngoja, akafanya peke yake. Peke yake, yeye. Na katikati simu ya mezani ikalia, muuguzi wa wodi akiuliza habari za dripu, dripu zipo, zimebaki katoni mbili, tuma mtu, akarudisha mkono wa simu, akageukia kinu... na hapo ndipo pana weupe. Hapo hapana kitu, pameoshwa. Anauona mkono wa yule mama, vidole vimepasuka kwa magadi, anaiona soksi moja ya mtoto ya bluu na nyingine ya kahawia, anakumbuka alichofikiria, kwamba hata mimi niliwahi kumvisha wangu hivyo, anaikumbuka lebo, mwandiko wake mwenyewe, tikisa chupa kwanza, anakumbuka hata harufu ya sabuni, yote yasiyosaidia yapo, yamepangwa kwenye rafu, yanang'aa. Alivyorudi kutoka kwenye simu, je, unga uliokuwa kinuni aliuona, au aliuona akadhani bado hajaanza, akahesabu tena, moja, mbili, tatu, kwa sauti, hakuna wa kurudia. Au ile pakiti ilikuwa na vishimo vitatu tangu juzi. Inawezekana. Pakiti hufunguliwa kila siku, inawezekana kabisa. Katibu anajua. Katibu ameandikiwa, ana uhakika aliandika, karibu ana uhakika, vidonge vingapi, saa ngapi, na Katibu yuko chini ya gumba lake kwenye sitini na moja, amefumba mdomo.

Saa moja na dakika arobaini na mbili. Saa mbili mtoto atafunguliwa mdomo. Kama ni vitatu, atapata nafuu. Kama ni sita... yeye ndiye anayefundisha hesabu hiyo, anajua ni dawa isiyosamehe, mstari kati ya dozi ya kutosha na ya kuua ni mwembamba kama uzi, ndiyo maana inataka watu wawili. Namba ya simu ya yule mama ipo mapokezi kwenye kadi, wazo hilo limekuja mara ya tatu sasa, na mara ya tatu analifukuza kama nzi, subiri kwanza, mstari utasogea, ukisogea ukajaa Katibu ataamka, atafungua, ataona vitatu, atapumua, na hakuna atakayekuwa amejua chochote, kwa nini umtie mtu hofu asubuhi yote hii, na utamwambiaje, halo mama, mimi wa dirisha la dawa, hebu usimpe mtoto, kwa nini, basi tu, kwa nini, kwa sababu aliyechanganya hakumbuki, aliyechanganya ni nani, ni mimi, Mama Mizani, yule unayesikia hakosei... sogea. Sogea basi, mzee mwenzangu. Akabonyeza zaidi, kana kwamba kitu kinasogea kwa kubonyezwa zaidi, kitako kikalia kwaruu juu ya meza ya bati, taa ndogo ya kijani ikapepesa, roho ikamruka, taa ikatulia, sitini na moja. Mkoba wake umening'inia kwenye msumari karibu na mlango, simu yake ya kawaida imo ndani, ile ya mezani iko dirishani, hatua nne, na hatua nne zingekuwa sawa na kwenda ng'ambo.

Mlango ukatikisika. Kitasa kikashuka, kikapanda, ufunguo wa nje ukagonga ufunguo wa ndani. Chiriku. Kumbe leo amewahi, huyu huwa hafiki kabla ya saa mbili kasoro dakika kumi, labda kapata usafiri mapema, na sauti yake ikaja kupitia mbao, nusu ikifika, nusu ikibaki huko ukumbini, habari za Alhamisi dada, kuna mtu... mbona umefungwa... nimekuta wazee wawili wameshakaa kwenye benchi... Alhamisi. Mama Mizani alikuwa na hakika kamili kwamba ni Jumatano. Niko hapa, akajibu, nahesabu kitu, nipe dakika moja, na sauti yake ikatoka nzuri, ya cheo, na Chiriku akasema haya, akanyamaza, na Chiriku kunyamaza ni jambo, huyu mwanamke wa miaka arobaini na tano ana jina hilo kwa haki, alipohamia kutoka wodi ya wazazi alikuwa akiongea na dawa, akiongea na friji, alikuwa akimweleza Mama Mizani ndoto zake na za mumewe, na sasa... tangu lini amekuwa mtu wa habari za Jumanne, habari za Jumatano. Nani husalimia hivyo. Watu husalimia habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto. Kila siku, Chiriku anapoingia, anatangulia kutaja siku, na Mama Mizani alikuwa akijisemea moyoni kwamba mtu huyu ana mazoea ya kipuuzi. Na kila akitaka kumtaja mgonjwa hasemi yule, anasema yule mzee wa mguu, tuliyempa jana ile ya maji, unayemfahamu mkewe anauza vitambaa, sentensi ndefu kama gari moshi, yote imepakiwa ndani, ili mtu asilazimike kutafuta. Na ile siku aliyomkuta Chiriku amevuta chupa kutoka kwenye trei ya kutolea, anahesabu vidonge upya juu ya karatasi, na Chiriku akasema nimepoteza pete yangu, nadhani imeingia humo. Pete. Ndani ya chupa ya vidonge. Na yeye akamsaidia kuitafuta, wakainama wote wawili chini ya meza, na pete ilikuwa kidoleni mwa Chiriku, aliiona, alidhani ni nyingine.

Anajua. Chiriku anajua, na tangu lini, na amekuwa akitembea nyuma yake kwa miezi akiokota anayoyaangusha, kimya, ila jana alikuwa bohari. Damu ikampanda Mama Mizani usoni, akaona haya kama mtu aliyekutwa bafuni, halafu hasira, nani amemtuma, nani amemwomba, halafu ile hasira ikayeyuka bila kuaga na nyuma yake akawa amekaa mama yake. Mama yake mzazi, kwenye kigoda, mikono imelowa mpaka viwikoni, na beseni, na mtoto... siku ile Mama Mizani alikuwa kijana, ana mtoto wa miezi mitano, anamwachia bibi yake asubuhi anakwenda kazini, na jioni moja akarudi akamkuta mtoto ana midomo ya buluu na kikohozi, na jirani akasema mama yako leo amemwogesha huyu mara nne, tulidhani ni joto. Mara nne. Kila alipomaliza kumvika nguo alisahau kama amemwogesha, akaanza upya, na maji yakizidi kupoa. Mtoto alilazwa siku kumi na moja. Akapona, leo ana ndevu, anaendesha kreni bandarini, anapiga simu kila Jumapili. Lakini usiku ule wa kwanza pale wodini Mama Mizani alimgeukia mama yake akamwuliza ulikuwa unajua unasahau, na mama yake, aliyekuwa akijibu kila kitu kwa ndiyo ndiyo na kicheko kidogo, hakucheka, akasema nilijua. Kwa nini hukusema. Na mama akasema ningesema, mngeninyang'anya mtoto. Na yeye, binti yake, mfamasia mpya aliyeajiriwa juzi, mwenye koti jeupe linalonuka duka, akasema ndiyo, tungekunyang'anya, na ndivyo ilivyotakiwa. Hakuinua hata sauti. Alikuwa amesema sawa, hilo ndilo baya lake, alikuwa amesema sawa kabisa, na mama yake akatazama mikono yake mitupu, akaiweka mapajani, na hakuishika tena shingo ya mtoto yeyote mpaka alipokufa. Wazee husema mficha maradhi kifo humuumbua. Kumbe kifo cha nani, methali haisemi, kila mtu hudhani ni cha yule mfichaji.

Dada, ilisema sauti ya mlangoni, karibu zaidi sasa, mdomo umegusa mbao, uko salama humo... saa moja na arobaini na sita. Kilo saba. Soksi ya bluu, soksi ya kahawia. Yule mama atakuwa amebadilisha zamu leo, au yuko nyumbani anachemsha kijiko kama alivyoelekezwa, mtu mtiifu, walio watiifu ndio wanaokufa kwa makosa ya wengine, ataitikisa chupa kwanza kama lebo inavyosema. Na Mama Mizani akaona, wazi, kama mtu anayesomewa kwa sauti, kwamba ile asubuhi yote hakuwa anangoja kujua kama ni vitatu au sita. Kama ingekuwa kujua tu angeshapiga simu kabla mstari haujafika arobaini. Alikuwa anangoja chumba. Anangoja rafu hizi, mizani hii ya shaba aliyopewa jina lake, kinu hiki, dirisha hili linalofunguka saa mbili na nyuso zinazoinama kumwambia shikamoo mama, alikuwa ameviweka upande mmoja, na upande wa pili ameweka mtoto, na kwa dakika ishirini nzima sahani ilikuwa imelalia upande wa rafu. Machozi yakamtoka, hakuwa na mkono wa kuyafutia, wa kulia umefungwa, wa kushoto umeshika pakiti, yakashuka yakaingia kwenye kola.

“Mdogo wangu,” alisema, “nenda mapokezi. Watoe kadi ya yule mtoto wa moyo wa jana. Mpigie mama yake, asimpe dawa. Hata tone.”

Nje viatu vya mpira vikahama sakafuni.

“Kuna nini, dada?”

“Nilichanganya peke yangu. Sikumbuki nilitia vidonge vitatu au sita.” Akadhani amemaliza, kumbe bado, neno lenyewe lilikuwa limebaki nyuma ya meno, dogo, la kitoto, alilolizungushia kengele na kadi na madaftari kwa miaka miwili. “Nasahau, Chiriku. Nasahau siku hizi.”

“Najua,” Chiriku alisema. “Hilo la chupa ndilo nililokuwa sijui.” Na tayari alikuwa anakimbia, sauti ya raba ikipungua ukumbini, mzee mmoja kwenye benchi akiuliza kuna moto wapi.

Kwa hiyo imesemwa, na dari haikuanguka, na huenda ni vitatu, huenda amejivua nguo bure mbele ya watu, wazo hilo lilikuja likamkuta hana pa kuliweka, likapita. Watakunyang'anya chumba, alijiambia, na akasikiliza kama kuna mtu yeyote ndani yake wa kubisha, hakuna, ndivyo inavyotakiwa, alijibu mwenyewe, kwa sauti ileile ya kijana mwenye koti jipya. Saa moja na dakika arobaini na saba. Sitini na moja. Mlio wa droo ya mapokezi, makaratasi, kisha sauti ya Chiriku ikasikika ukumbi mzima, ile sauti yake ya zamani isiyo na breki, halo, halo, mama, unanisikia, umeshampa... hujampa, basi usimpe, iweke hiyo chupa juu, juu kabisa, tunakuja kuichukua... na Mama Mizani akaegemeza kiuno kwenye meza ya bati, akalia kwa sauti sasa, wazee wa kwenye benchi wasikie kama wanataka, na gumba lake likaendelea kumkandamiza Katibu palepale, kwa nguvu zilezile, kwa sababu hakuna aliyekuwa amekuja bado kumwambia aachie.